Mtoto Aliyesoma Mgongoni

Saa tisa alasiri, watu wakirudi kutoka mashamba ya muhogo na jua bado linachoma mabati, Madame Godelieve alifuta ubao kwa kipande cha godoro, akaandika neno moja, akarudi nyuma hatua chache kuona kama limekaa sawa. Darasa lake lilikuwa chumba cha kando ya kanisa, hapo Baraka, mji wa kando ya ziwa, ambamo siku nyingine waliweka viti vya harusi na mifuko ya saruji. Waliokaa kwenye mabenchi hawakuwa watoto. Wengine walikuwa na ndevu. Walikuwa vijana ambao miaka yao ya shule iliwapita wakiwa mbioni, katika kambi za wakimbizi za ng'ambo ya ziwa, au porini, au huko juu milimani nyuma ya ng'ombe. Sasa walikuja kuzitafuta herufi, kila mtu na aibu yake.

"Eddy," Madame akasema. "Hii neno inasema nini?"

Eddy aliendesha pikipiki ya abiria barabara ya Mboko, na njiani hakuogopa kitu. Hapa alikunja uso. Herufi ya kwanza aliitambua. Ya pili ikamponyoka. "Mmm," akasema. "Mmm..."

"Muhogo," ikasema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa ni mtoto wa Rosette, msichana wa benchi la nyuma. Alikuwa na miezi tisa, amefungwa mgongoni kwa kikwembe cha kijani, shingo ameichomoza juu ya bega la mama yake, na kinywani ana meno mawili tu ya chini.

Madame Godelieve alimtazama kidogo. "Ni vizuri," akamwambia, "lakini hapa mutu ananyoshaka kwanza mukono." Kisha akamgeukia kijana wa pikipiki. "Eddy, mutoto amekusaidia. Rudilia."

"Muhogo," Eddy akarudia, na somo likaendelea.

Rosette alikuwa na miaka kumi na minane. Mama yake alizikwa kambini. Baba yake alitangulia kurudi ili aangalie shamba lao, na hakuonekana tena. Yeye alirudi Baraka na dada ya baba yake, tantine Marthe, akaandikishwa shule ya msingi akiwa msichana mzima, akakaa kati ya watoto waliomfikia kiunoni. Aliimba pamoja nao yaliyoandikwa ubaoni bila kuyatambua. Kuimba si kusoma, lakini katika darasa lililojaa hadi dirishani hakuna mwalimu anayesikia tofauti. Kisha tumbo likaanza kuonekana. Mkuu wa shule, Directeur Henri, alimwita ofisini akamwambia kwamba shule haipokei wazazi, akamrudisha nyumbani.

Aliyempa mimba alikuwa Junior, mtoto wa kiume wa Directeur mwenyewe. Junior alipelekwa Uvira kuendelea na masomo, na nyumbani kwao ikasemwa kwamba yule msichana hajui hata aliyempa. Mtaa mzima ulijua. Lakini kujua si kusema, hasa mbele ya Directeur.

Tangu hapo Rosette alizoea kunyamaziwa. Pale bombani wasichana wa rika lake waliendelea na maongezi yao kana kwamba aliyefika ni ndoo tu. Tantine Marthe, aliyeuza sokoni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, alitoka alfajiri na kurudi na uchovu, na maneno machache aliyobaki nayo aliyatumia kuulizia chumvi. Zilikuwako siku ambazo mtu pekee aliyelitamka jina la Rosette alikuwa Madame Godelieve, akiita wanafunzi kabla ya somo. Ndiyo maana Rosette hakukosa hata siku za mvua. Jina la mtoto, Apendeki, maana yake anayependeka, alilitoa tantine Marthe. Alisema mtoto asiye na baba wa kumtetea afadhali atetewe na jina.

Habari ya mtoto anayesoma ilifika sokoni jioni ileile, na asubuhi ikawafikia wavuvi. Watu hawakuja kushangaa, walikuja na kazi. Mwanamke mmoja alileta kisanduku cha dawa ili ajue kama ni ya kunywa au ya kupaka. Mzee mmoja wa Nundu alileta simu yenye ujumbe kutoka kwa mkwe wake, akausikiliza wote, akasema alidhani ni mbaya zaidi. Apendeki aliwasomea kwa sauti moja tu, bila haraka, na kila penye r akaweka l, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa bado mchanga.

Ili waonane naye vizuri, watu walimshika Rosette mabegani wakamgeuza. Walifanya hivyo kwa upole, kama mtu anavyogeuza kiti. Basi Rosette akawa anasimama akitazama ukuta, au mgomba, au maji ya ziwa, huku watu wakiongea na mgongo wake. Wakimaliza walimshukuru mtoto wakaenda. Aliyekumbuka alisema, "Aksanti, mama Apendeki," naye Rosette akajibu ndiyo, akiwa bado ameelekea ukutani.

Jambo moja tu lilimsumbua. Apendeki alisoma, lakini hakusema. Kilichoandikwa alikitamka, kisichoandikwa hakuwa nacho. Aliweza kusoma "sukari" kwenye mfuko, lakini njaa ikimshika alilia kama mtoto mwingine yeyote. Jikoni Rosette alimpakata akamwambia, "Sema mama. Ma-ma." Mtoto alimtazama kwa macho makubwa, kisha akageuza shingo na kuusoma mkebe wa mafuta uliokuwa nyuma yake, mpaka jina la mji ulikotengenezwa.

Siku moja Madame aliandika ubaoni neno jipya, na kabla Eddy hajafungua kinywa, Rosette alisikia pumzi ya joto shingoni pake.

"Mama," akasema Apendeki. "Mama. Mama."

Rosette hakugeuka. Alikaa vilevile, mikono juu ya benchi, mpaka Madame alipochukua kipande cha godoro akafuta ubao, na mtoto akanyamaza.

Wenzake walipotoka yeye alibaki. "Madame, mi naomba uniandikie ile neno ku karatasi. Niende nayo nyumbani."

"Ya kufanya nini?"

"Nikuwe namuonyesha."

Madame Godelieve alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno ya kupima. Mume wake alimwacha kule Mboko kwa sababu hakuzaa, na kila jioni alifunga chumba kile kwa kufuli akaenda kupika chakula cha mtu mmoja.

"Nikiandika mi, mutoto ataita mukono yangu," akasema. "Andika we mwenyewe."

Tangu siku hiyo, somo likianza, Madame alimfungua Apendeki mgongoni mwa mama yake na kumlaza kwenye mkeka nyuma ya mlango, mahali ambapo ukuta haukuwa na kitu. "We pumzika," alimwambia. "Hii kalasi sikuifunguaka juu ya batoto. Saa hii ni zamu ya mama yako." Mtoto alilala chali akitazama bati. Rosette alishika chaki kama anavyoshika jembe, ikavunjika. Akashika kipande chake, nacho kikavunjika. M yake ilikuwa na miguu mingi kuliko inavyotakiwa, na a yake haikufunga. Madame alisimama nyuma yake bila kumshika mkono. "Tena," alisema. Na Rosette akaandika tena, huku wengine wakiwa wamefika kwenye sentensi nzima.

Ilikuwa siku ya soko, tantine Marthe ameshatoka, Rosette alipookota kaa la moto lililozimika, akapiga magoti mbele ya ukuta wa jiko na kuandika. Herufi zilipanda juu kama zinazopanda mlima, na ya mwisho ikawa kubwa kuliko nyingine. Akarudi nyuma. Apendeki, aliyekuwa ameketi kati ya sufuria, akainua kichwa.

"Mama," akasema.

Alisema hivyo kutwa nzima. Rosette alikwenda kuchota maji, aliporudi mlangoni akaitwa. Alitwanga, akaitwa. Aliinama kupuliza moto, na nyuma yake sauti ile ikaita, na kila mara alijibu, "Niko." Jioni tantine Marthe aliingia na karai lake tupu, akasikia, akaketi kwenye kigoda bila kulitua karai.

"Tangu saa ngapi?" akauliza.

"Tangu asubuhi."

Tantine Marthe aliutazama ukuta aliokuwa ameupaka udongo mweupe kwa mikono yake mwenyewe. "Usifute," akasema. "Acha aite."

Juma lililofuata alikuja Directeur Henri. Alivaa koti, akafuatana na shemasi wa kanisa na chef, yaani kiongozi wa mtaa. Walikaribishwa viti. Shemasi alimshika Rosette mabegani akamgeuza, na Directeur akatoa mfukoni barua ya kutoka kwa wakaguzi wa shule, yenye kurasa kadhaa za Kifaransa. Apendeki aliisoma mpaka muhuri.

Directeur alikunja barua yake. "Hii akili ni ya kwetu," akawaambia wenzake. "Ni baba yangu njo alisomaka vile."

"Papa Directeur," akasema Rosette, uso ukutani, "ni nyie mulisema hii mimba haiko ya Junior."

"Wakati ule mutoto alikuwa hajasoma."

Shemasi aliitikia kwa kichwa. Chef wa mtaa naye aliona kwamba jambo hilo lina maana.

"Ataingia mwaka wa kwanza," Directeur akaendelea. "Tutamuweka ku benchi ya mbele."

"Na mi? Mi pia sikumalizaka."

"We ulizaa."

"Nilizaa huyu."

"Ni huyu njo tunakamata," akasema Directeur kwa uvumilivu, kama anayemfafanulia mtoto hesabu ya kutoa.

Basi Apendeki akaanza shule, amevaa shati jeupe na sketi ya bluu aliyoshona fundi kwa kitambaa kisichozidi leso. Kwa kuwa alikuwa hajatembea, Rosette alimbeba kila asubuhi mpaka mlangoni, na hapo mwalimu akampokea na kumketisha, nguo imekunjwa nyuma yake asianguke. Rosette alisubiri nje, chini ya dirisha, maana amri ya kutopokea wazazi haikubadilika. Mtoto akilia njaa, walimpitishia dirishani, akanyonya, wakamrudisha. Wasichana waliopita walimsalimia mtoto.

Baadaye, Apendeki alipoanza kula uji, mjomba wa Rosette alikuja kutoka Nundu. Hakuwahi kufika kumwona mtoto huyo, na siku hiyo pia hakumwona. Alikuja kupokea mbuzi wa Directeur, ili mtoto ahesabiwe wa ukoo wa baba yake. Kikao kilifanyika uani kwa Henri. Madame Godelieve alifika bila kuitwa, akasimama.

"Mutoto mumemupatia nafasi," akasema. "Na mama yake atasomea wapi?"

Chef wa mtaa alimjibu kwa heshima kwamba hilo silo lililowakutanisha. Mbuzi wakafunguliwa. Mama Georgette, mke wa Henri, alimpokea Apendeki mikononi, akampa Rosette kikwembe chake cha kijani, kwa maana nyumbani kwao walikuwa na vikwembe vizuri zaidi.

Alasiri hiyo Rosette alikwenda darasani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alikuwa amezoea kukaa ameinamia mbele kidogo, kwa ajili ya uzito. Sasa uzito haukuwapo na mwili ulibaki umeinama hivyo hivyo. Mgongo wake ulihisi baridi katika joto lile la Baraka. Madame alipoita, "Rosette," alichelewa kujibu.

Alijifunza haraka, kama mtu anayetwanga ili asifikiri. Jioni alisoma kilichokuwapo: kisanduku cha viberiti, mfuko wa unga, kitabu cha nyimbo cha tantine Marthe ambacho tantine mwenyewe alikishika kanisani miaka yote bila kukifungua. Hakuna aliyekuja kumgeuza. Watu wenye simu na dawa walikwenda sasa kwa Henri, wakapanga mstari nje ya uzio. Neno la ukuta wa jiko lilibaki pale, na hapakuwa na wa kulisoma isipokuwa yeye, naye alilisoma kimoyomoyo.

Aliruhusiwa kumwona mtoto Jumapili, baada ya ibada. Mara ya kwanza aliwakuta wote sebuleni na karatasi zimebanwa vifuani kwa pini. Directeur alikuwa amegundua kwamba mtoto anaita kilichoandikwa tu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, nyumba nzima ikavaa. Yeye alivaa "koko", yaani babu. Junior, aliyerudi kutoka Uvira kwa likizo, alivaa "papa" juu ya shati lake la shule, akatazama miguu yake. Mama Georgette alivaa "mama".

"Mama," akasema Apendeki, akimtazama Mama Georgette kifuani, akanyoosha mikono abebwe.

Rosette alirudi nyumbani. Jumapili iliyofuata, kabla ya kutoka, aliandika neno lilelile kwa kalamu katika kiganja cha mkono wa kulia. Sasa herufi zake zilisimama wima. Aliingia, akapiga magoti, akafungua mkono. Apendeki alisoma kiganja, akasoma kifua cha bibi yake, akasoma kiganja tena. "Mama," akasema. "Mama. Mama." Akaanza kulia, kwa kuwa hakujua aelekee wapi.

"Usimuchanganye mutoto," Mama Georgette akasema, bila ukali. "Maji iko ku pipa. Enda unawe."

Rosette alikwenda kwenye pipa, akanawa. Wino ulitoka kwa shida.

Mama Georgette naye alikuwa na taabu yake. Tangu aletwe, Apendeki hakulala sawasawa. Nyumba ya Directeur ilikuwa na maandishi kila upande: kalenda, vyeti katika fremu, magazeti ya zamani yaliyopangwa mpaka darini, na mtoto hakuweza kufumba macho mbele ya kitu kilichoandikwa. Aliyasoma yote, akaanza upya. Walipofunika ukuta kwa mashuka, akasoma mashuka, maana yalitoka katika shirika la msaada na yalikuwa na jina pembeni. Muuguzi alimpima akasema hana ugonjwa. Macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu mzima.

Jumapili moja wageni walijaa sebuleni, na Rosette akaambiwa akae na mtoto jikoni, nyuma ya nyumba. Alikuwa na kitabu cha darasa la Madame Godelieve. Kwa kukosa la kufanya alikifungua, akaweka kidole chini ya mstari.

"Mvu-a," akasoma. "I-na. Nye. Sha."

Apendeki alikuwa amekwisha kuona mstari wote na ule uliofuata. Lakini alinyamaza. Katika maisha yake yote yeye ndiye aliyewasomea watu. Hakuna aliyewahi kumsomea yeye. Na maneno hayakuwahi kumjia hivi, kipande kimoja kimoja, na nafasi katikati. Aliisubiri silabi. Ikaja. Akaisubiri nyingine.

"Wa-tu. Wa-me. I-ngi-a. Ndani."

Kichwa cha mtoto kilishuka polepole mpaka kwenye mkono wa Rosette. Aliposoma "ndani" macho yalikuwa yamefumba. Rosette hakusogea. Uzito ule aliujua.

Mama Georgette alichungulia mlangoni, karatasi yake kifuani. "Amelala?"

"Amelala."

Aliegemea mwimo wa mlango akafunga macho yake mwenyewe kidogo. "Kesho urudie," akasema. "Na kila siku. Lakini upitie nyuma, sababu mbele kunakuwaka bageni."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni, jua likielekea nyuma ya milima ya Fizi, Rosette alizunguka uzio wa Directeur, akapita kando ya banda la mbuzi na kuingia jikoni. Mwaka huo Directeur aliwarudisha nyumbani wasichana wengine waliopata mimba, na Madame Godelieve akaomba kanisani benchi la kuongeza. Apendeki alipanda mwaka wa pili. Mtaa ulimwita mjukuu wa Henri, na mgeni akiuliza ni nani yule mwanamke wa jikoni, aliambiwa ni wa kumlaza mtoto.

Masika yalipofika Rosette alikuwa anasoma bila kidole. Alisoma Zaburi moja nzima mbele ya darasa kwa pumzi chache, na Madame Godelieve akamwambia kwamba hana tena la kumfundisha, kisha akamwomba aendelee kuja. Lakini jikoni kwa Mama Georgette aliweka kidole chini ya kila silabi, akaitamka, akangoja, akaenda kwenye nyingine kama mtu asiyejua, kwa sababu mtoto akishalala ilimbidi aondoke.